Manyani au Mbwa?

Kwa karibu miaka kumi nilimtafuta bwana mmoja ambaye sikulijua jina lake wala mji wake. Nilichojua ni hiki: kila usiku, watu wakishalala, bwana huyo huamka, huchukua taa na mjeledi, hufungua chumba kilichotiwa kufuli na kuwachapa manyani wawili mpaka wazirai. Kisha huutupa mjeledi, huwakumbatia wale manyani na kulia kama mtoto aliyefiwa.

Kama kuna mmoja wenu anayemjua, anyamaze kwanza asituharibie uhondo. Na mtu mzima anayechungulia ukurasa huu juu ya bega lenu, naye namwomba vivyo hivyo. Jina la kitabu unalo, najua. Litafune taratibu, usiliteme.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa kwa bibi, kijijini upande wa Muheza, mkoani Tanga, na binamu yangu mkubwa, ambaye sisi wadogo tulimwita Kaka, alikuja likizo kutoka shule ya bweni. Ndani ya sanduku lake la bati mlikuwa na kitabu kisicho na jalada. Kurasa za mwanzo zilishaliwa na mchwa, za mwisho sijui zilikwenda wapi. Pengine zilifungiwa karanga. Usiku, tukishakula, Kaka alikaa karibu na taa ya chemli akatusomea kwa sauti nzito aliyoiiga kwa watangazaji wa redio. Alipofika pale pa mjeledi na kilio, bibi akasema mafuta yanakwisha, twende tukalale. Kesho yake Kaka alitumwa shambani, keshokutwa akapanda basi. Baba yake akahamishiwa Mwanza, na hatukuonana tena mpaka tulipokuwa watu wazima wenye mvi.

Basi nikabaki na swali kama mwiba kwenye unyayo. Kama anawachukia, kwa nini analia? Kama anawapenda, kwa nini anawachapa?

Niliuliza watu, lakini niliuliza vibaya. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Kiswahili nikamwambia nataka kitabu cha nyani. Akafurahi, akanisimulia kisa cha kima aliyefanya urafiki na papa. Mnakijua? Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, na kila siku anamrushia papa matunda. Siku moja papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakishafika kilindini anamtolea ukweli: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Lo, anasema, ungeniambia mapema! Sisi kima tukitoka safari mioyo yetu tunaiacha mtini. Papa, mjinga wa Mungu, anageuza akaufuate huo moyo.

Kisa kitamu, ila hakikuwa changu. Nikamwuliza mtu mwingine, naye akanipa kima yuleyule, lakini mnyama wa majini sasa ni mamba. Wa tatu akaapa kwamba ni kasa. Nikaona wazee hawa wamesahau, kila mmoja anabahatisha. Ilinichukua miaka kujua kwamba hakuna aliyekosea. Katika Panchatantra ya Uhindi anayembeba kima ni mamba. Hadithi hizo zilipoingia katika Kiarabu, karne ya 8, ndani ya kitabu kiitwacho Kalila wa Dimna, mamba akawa kasa. Na Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alipochapisha mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar, mle ndani alikuwa papa. Ukifikiri kidogo utaona sababu. Msimulizi humweka mnyama ambaye wasikilizaji wake humwogopa wakiingia majini. Mtu wa Unguja amwogope mamba wa nini?

Liwekeni hilo mfukoni, tutalihitaji.

Aliyenivuruga kabisa ni shangazi yangu, ambaye alikulia Unguja. Huyo nilimsimulia mambo yote, mjeledi na kufuli na machozi. Akaniacha nimalize, akatikisa kichwa.

“Mjeledi upo,” akasema. “Kulia kupo. Lakini hao si manyani, mwanangu. Hao ni mbwa. Wawili, wamefungwa minyororo, na aliyewaona ni mtu wa Halifa Haruni Rashidi wa Baghdadi, aliyekuja kudai kodi.”

“Manyani, shangazi.”

“Mbwa.”

“Kaka alisoma manyani!”

“Basi Kaka wako hajui kusoma.”

Tukagombana pale jikoni mpaka wali ukashika ukoko. Yeye alisimuliwa na bibi yake, usiku wa Ramadhani, na hakuwa tayari kubadilishiwa mbwa wake na mtoto wa miaka tisa. Nami nilikuwa nimewaona manyani wale kwa macho yangu. Mnanielewa? Kitabu hakikuwa na picha hata moja, lakini nilikuwa nimewaona.

Pengine mnajiuliza kwa nini sikutazama tu jina la kitabu siku zile. Nimesema jalada halikuwepo, lakini hata lingekuwepo huenda lisingenisaidia. Shuleni kwetu kila kitabu kilivalishwa gazeti ili kisichakae. Ninakumbuka kitabu kimoja cha darasa la tatu ambacho mbele yake palikuwa na tangazo la sabuni na nyuma matokeo ya mpira. Jina lake halisi sikuwahi kuliona, kwa kuwa aliyekivalisha ni mwanafunzi wa mwaka wa nyuma. Na vitabu vyenyewe tulivisoma watatu watatu, wa katikati anafaidi, wa pembeni anasoma kwa upogo. Mwisho wa mwaka mwalimu alivikusanya, akavihesabu, akavifungia kabatini. Mtaala ukibadilika, vinakwenda stoo kuliwa na panya. Kwa hiyo kuna vitabu vilivyosomwa na nchi nzima ambavyo leo huvikuti katika nyumba ya mtu.

Kuna na hili: unachokiita kitabu huenda hakikuwa kitabu. Waulizeni wazazi wenu wa Tanzania kuhusu Kibanga aliyempiga mkoloni. Watachangamka, watawaonyesha hata ngumi ilivyorushwa. Ukienda dukani kutafuta kitabu chenye jina hilo kama walivyokisoma wao, utahangaika, maana lilikuwa somo moja tu ndani ya kitabu cha kiada. Kurasa chache, na baada yake maswali ya ufahamu. Kumbukumbu imeling'oa somo ikalijengea nyumba yake peke yake.

Turudi kwangu. Nilipopata kibarua Dar es Salaam nilikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa mwaka 1967. Nilikuwa sijawahi kuona vitabu vingi namna ile chini ya paa moja, nikaamini kazi imekwisha. Mkutubi, mama mpole mwenye miwani, akaniuliza mwandishi ni nani. Sijui. Jina la kitabu? Sijui. Unajua nini, mwanangu? Nikamwambia najua manyani wawili. Hakucheka, Mungu ambariki. Akanionyesha droo za kadi. Siku hizo kila kitabu kilikuwa na kadi zake: ya mwandishi, ya jina la kitabu, ya mada. Nikapekua kadi za wanyama, nikakuta magonjwa ya ng'ombe na ufugaji wa kuku. Droo zile zilipangwa na watu wenye akili sana, lakini hakuna aliyefikiria kuweka droo ya watu wanaolia baada ya kupiga.

Aliyenifumbulia fumbo ni mzee aliyeuza vitabu vikuukuu kando ya barabara, kule Posta. Alivipanga chini juu ya turubai, yeye kakaa kwenye kigoda na kofia yake ya kiua, akivuta kivuli kadiri jua linavyosogea.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Unatafuta nini?”

“Kitabu cha manyani.”

“Sina.”

Nikageuka. Nadhani aliona mabega yangu yalivyolegea, kwani aliniita.

“Wewe kijana. Wanyama waache. Niambie mtu anafanya nini.”

Nikamweleza. Nikamwambia na taa: bwana yule anashika taa ya chemli, kioo chake kimepasuka, kimebandikwa karatasi. Mzee akapunga mkono kama anafukuza nzi.

“Taa achana nayo. Anawapiga kila siku?”

“Kila usiku.”

“Kwa kupenda au kwa kulazimishwa?”

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nikafikiri. Nikasema kama analia, basi analazimishwa.

“Haya. Mtu analazimishwa kupiga, anapiga, halafu anakumbatia na kulia. Utamlilia nyani hivyo, wewe? Huyo anayempiga ni nani wake?”

Nikahisi nywele zikinisimama. “Ni ndugu yake,” nikasema.

Mzee akainama, akavuta kitabu chembamba katikati ya rundo, akakipangusa vumbi kwa paja la suruali yake. Adili na Nduguze, Shaaban Robert.

Haya, mtu mzima wangu, sasa waweza kulitema.

Nilitoa pesa yangu ya nauli, nikarudi Magomeni kwa miguu nikisoma njiani, na nusura nigongwe na baiskeli ya muuza samaki. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1952. Mwandishi wake alizaliwa mwaka 1909 huko huko Tanga kwetu, maana yake nilikuwa nimehangaika Dar es Salaam nzima kumtafuta jirani. Adili ni mtawala wa mji wa Janibu, chini ya mfalme aitwaye Rai. Wale manyani ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Majina yao yameshawaambia walichofanya. Walimhusudu mdogo wao mpaka wakamtosa baharini. Jini aliyewahi kuokolewa na Adili ndiye aliyewageuza manyani, akamwamuru awachape kila usiku, la sivyo atachapwa yeye. Ndiyo maana analia.

Na shangazi je? Nilimwendea na kitabu kama mtu mwenye hati ya shamba, tayari kumshinda. Kabla sijafika kwake nikakutana na msomi mmoja wa fasihi, akanipunguza kasi. Akanieleza kwamba Shaaban Robert aliufuma mkeka wake kwa ukili wa zamani. Katika Alfu Lela Ulela mna kisa cha Abdallah bin Fadhil, gavana wa Basra. Mjumbe wa Halifa Haruni Rashidi anakwenda kwake kufuatilia kodi iliyochelewa, analala hapo, na usiku wa manane anamwona mwenyeji wake akiwachapa kwa mjeledi viumbe wawili waliofungwa minyororo, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Viumbe hao ni ndugu zake waliogeuzwa na jini. Nao ni mbwa.

Kwa hiyo shangazi alikuwa na mbwa halali, nami nilikuwa na manyani halali. Kwa nini Shaaban Robert aliwabadilisha? Maoni yangu ni haya, mwaweza kuyakataa. Kwa watu wengi wa pwani mbwa ni mnyama wa nje ya mlango, hata akichapwa msomaji hashtuki sana. Nyani ana viganja, ana kope, anashika uso wake akiumia. Ukimpiga nyani unamwona mtu. Nilimwandikia shangazi barua ndefu kumweleza yote hayo na kumwomba radhi. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba anashukuru kwa salamu na kwamba ni mbwa.

Sasa toeni kile nilichowaambia mkiweke mfukoni. Mamba, kasa, papa. Mbwa, manyani. Mmeona kinachobadilika na kinachobaki? Mnyama anabadilika, mji unabadilika, majina yanayeyuka kwanza kabisa. Tendo linabaki. Moyo ulioachwa mtini haukubadilika kutoka Uhindi mpaka Zanzibar, na mjeledi unaofuatwa na machozi ulivuka kutoka Basra mpaka Tanga bila kupoteza hata tone.

Hayo yanatokea hadithi ikisafiri kati ya watu na watu. Yanatokea pia ndani ya kichwa kimoja. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwapa Waingereza hadithi ya Wenyeji wa Marekani, wale wa pwani ya kaskazini magharibi, waisome mara mbili. Kisha akawataka waisimulie: baada ya dakika 15, baada ya siku, baada ya miezi, wengine baada ya miaka. Aliyoyapata aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1932. Mitumbwi ya wale watu iligeuka mashua. Kuwinda sili kukageuka kuvua samaki. Mizimu, ambayo ndiyo hasa kiini cha hadithi, kwa wengine ilitoweka kabisa, maana haikuwaingia akilini. Wala hawakuwa waongo. Kichwa hakihifadhi hadithi kama kabati linavyohifadhi nguo. Kila ukiitoa unaishona upya, na pale palipotoboka unatia kiraka cha kitambaa ulichonacho nyumbani.

Ndiyo maana mtu akija kwangu leo, nao wanakuja, anasema natafuta kitabu chekundu kuhusu msichana aitwaye Rehema, mimi wekundu siuamini na Rehema simwamini. Namuuliza msichana alifanya nini. Alipotea? Alirudije? Alirudi na nini? Namuuliza pia mambo yasiyomo kitabuni: ulikuwa darasa la ngapi, shule gani, nani alikusomea, kilikuwa chako au cha shule. Mtu aliyesoma Kenya au Uganda miaka ya 1950 na 1960 huenda alishika kitabu cha East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji lililoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya nchi zetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nalo likavunjika. Mambo hayo hayakutajii jina la kitabu, lakini yanapunguza rundo la kupekua.

Nasikia mmoja wenu ananong'ona: babu, si ungegugo tu? Nimegugo. Intaneti inakujibu kama kuna mtu aliyekaa akaandika jambo hilo humo, na kuhusu vitabu vingi vya Kiswahili vya zamani mtu huyo hajakaa bado. Mjukuu wangu aliwahi kuuliza moja ya zile programu zinazoongea. Ikamletea jina tamu la kitabu, mwandishi mwenye sauti ya heshima, na mwaka juu yake. Tulikitafuta wiki mbili. Hakipo, hakijawahi kuwepo. Nayo inatia viraka, kumbe, tena haioni haya.

Ninyi mna bahati moja ambayo sisi hatukuwa nayo. Tazameni nyuma ya vitabu vyenu, kuna namba ndefu inayoanza na 978. Ikifuatwa na 9976 au 9987, kitabu kimetoka Tanzania. 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Iandikeni kwenye daftari, mstari mmoja kwa kila kitabu mnachokipenda, na pembeni jina la aliyewasomea. Sisi namba hatukuwa nazo, tulikuwa na matangazo ya sabuni.

Ninadaiwa kitu kimoja, ile taa.

Usiku ule Magomeni nilikisoma kitabu mpaka mwisho, kisha nikakirudia nikiitafuta chemli yenye kioo kilichobandikwa karatasi. Nilikuwa na hakika nayo kuliko kitu kingine chochote. Niliiona mkononi mwa yule bwana, karatasi imebanduka kidogo pembeni na kuungua rangi ya kahawia. Ukurasa kwa ukurasa. Haimo. Nikaelewa kwamba taa ilikuwa yetu, ya nyumbani kwa bibi, na imeingia kitabuni yenyewe bila kualikwa. Kwa nini iingie pale tu, penye mjeledi, hilo sikulielewa, nikaliacha.

Mwaka jana nilimpata Kaka kwa simu. Sauti yake bado nzito. Nikamwuliza kuhusu Adili na Nduguze. Hakumbuki. Nikamtajia manyani, jini, sanduku lake la bati. Sanduku analikumbuka, kitabu hapana.

“Na taa je?” nikasema. “Ile yenye karatasi.”

Kimya. Nikadhani simu imekatika. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa shati.

“Kioo kile nilikivunja mimi.”

Nilichapwa mimi kwa kioo kile, wiki ileile ya likizo, fimbo tatu za mpera, huku naapa kwamba sikukigusa. Nikamkumbusha.

“Najua,” akasema. “Nilikuwa nyuma ya banda la kuku. Na bibi alipomaliza kukuchapa akaja huko huko, hakuniona, akakaa chini akalia.”

Akanyamaza kidogo.

“Na fimbo bado anayo mkononi.”